Mgeni Aliyesahau Mwavuli

Kilichomtia Dafrosa shaka kwanza ni mikunjo ya aproni. Wanawake wote wa kile kiwanda, safu kwa safu, walivaa aproni za buluu zenye alama za kukunjwa, msalaba mzuri katikati ya kifua, nguo zilizotoka kwenye mfuko wa plastiki asubuhi ileile. Aproni ya mtu anayepaka gundi kwenye soli za viatu kutwa haina mikunjo. Ina madoa. Ikikosa madoa, basi aliyeivaa hafanyi kazi, au siku nyingine haivai.

Dafrosa alikuwa ameketi ofisini kwake Saint Louis Park, jimbo la Minnesota huko Marekani, jioni ya mwezi Machi, barafu chafu ikiyeyuka nje kwenye maegesho. Kiwanda chenyewe kilikuwa China, ambako kulikuwa kumekucha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kukagua viwanda vinavyotengeneza viatu vya kampuni, aone kama wanaovitengeneza wanatendewa kibinadamu. Zamani wakaguzi walipanda ndege. Siku hizi wakubwa wamegundua kwamba simu ya video ni nafuu kuliko tiketi, kwa hiyo kiwanda kinapewa taarifa mapema, meneja anajiandaa, simu inazungushwa humo ndani, na mkaguzi wa Minnesota anaonyeshwa anachoonyeshwa. Huo nao unaitwa ukaguzi, na watu wazima wenye shahada zao wanauita hivyo bila kuona haya.

Meneja, Bwana Shen, alikuwa mcheshi. Simu ilishikwa na mkalimani wake, msichana aitwaye Lan, ambaye alitafsiri kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Walimwonyesha feni kubwa zinazozunguka, madirisha yaliyo wazi, barakoa nyeupe kwenye kila uso. Wakamwonyesha na chumba cha chakula, kila meza ikiwa na sahani ya zabibu. Bwana Shen akachukua zabibu moja, akaitia kinywani na kucheka.

Zabibu zile Dafrosa alizijua. Hakuwahi kuzila, lakini alizijua tangu akiwa msichana wa shule ya bweni mkoani Kagera. Kwao ilikuwa hivi: mgeni rasmi akitangazwa kuja, mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, maharage yenye wadudu yanafichwa, nyama inanunuliwa, na vitanda vinatandikwa mablanketi mazito ya kijivu yaliyoazimwa hospitali ya misheni. Funika kombe mwanaharamu apite. Wasichana wanaimba, mgeni anapigiwa makofi, gari likishapinda kona mablanketi yanabebwa kurudi hospitali, nao wanalala na baridi yao. Mwaka mmoja alikuja Sista mmoja kutoka ofisi ya elimu ya jimbo. Alikagua, akasifu, akaondoka, kisha akiwa njiani akakumbuka kwamba ameacha mwavuli wake bwenini, akarudi. Akawakuta matroni na wapishi mlangoni, kila mmoja na rundo la mablanketi kichwani.

Basi Dafrosa alishukuru, akaaga, akakata simu. Akachemsha chai, akainywa yote taratibu, kisha akapiga tena. Aliyepokea ni Lan.

Dafrosa akamwambia kwamba amesahau kitu. Lan akauliza kitu gani, na Dafrosa, kwa kukosa uongo mwingine wa haraka, akajibu, "Mwavuli wangu."

Mtu mwingine angesema hakuna mwavuli hapa, mama, wewe uko Marekani. Lan aliishusha simu usawa wa kiuno, kamera ikitazama mbele, akaanza kutembea polepole.

Barakoa zilikuwa zinakusanywa kwenye gunia. Wanaume wawili walikuwa wanabeba feni kwenda kwenye lori. Mwingine alikuwa anafunga madirisha, maana vumbi la nje likigusa gundi mbichi soli inaharibika, na kwa Bwana Shen soli ikiharibika ni msiba. Wanawake walishaanza kazi kwa mikono mitupu, nyuso juu ya makopo ya gundi. Halafu mlango wa stoo ukafunguliwa, wakatoka wale waliokuwa wamefichwa.

Walikuwa watano au sita, wasichana bado. Mmoja alishikwa makwapani na wenzake. Aliyemfuata alitembea peke yake: aliinua goti juu sana kwa kila hatua, kama anayevuka dimbwi, kisha unyayo ukaanguka sakafuni wenyewe, paa, umelegea. Wakapelekwa kwenye viti vyao, wakapewa brashi, wakaanza kupaka gundi. Simu ikakatika.

Dafrosa hakuhitaji kuelezwa. Kuna kiyeyusho, kemikali ya bei rahisi inayotiwa kwenye gundi ili ikauke upesi. Kinaingia kwa pumzi na kwa ngozi, kinakula mishipa ya fahamu kuanzia vidoleni, kinapanda. Mtu akitolewa mapema, miguu hurudi, ingawa polepole. Akiachwa, hairudi. Na mkataba mpya ulikuwa karibu kutiwa saini, viatu vingi kuliko vyote ambavyo kampuni iliwahi kuagiza, kwa ajili ya hospitali za majimbo matatu. Ukitiwa saini kabla gundi haijabadilishwa, wale wasichana wangekalishwa juu ya makopo yale hadi majira ya baridi mengine.

Ya ajabu ni kwamba vilikuwa viatu vya manesi. Vyepesi, laini, vya kusimama navyo zamu nzima bila miguu kuuma. Geofrey, mume wa Dafrosa, nesi katika hospitali moja ya Saint Paul, alivivaa. Nusu ya watu wa Misa ya Kiswahili walivivaa, kwa kuwa Dafrosa alipata punguzo la mfanyakazi na wifi yake Pamela alikusanya oda baada ya ibada. Viliitwa viatu vya Dafrosa, na Dafrosa alipenda viitwe hivyo.

Jioni hiyo alipofika nyumbani alikuta boksi la viatu vipya vya Geofrey mezani. Alilifungua, akainamisha uso ndani. Harufu ilikuwa ileile aliyoizoea, tamu kidogo, yenye kupanda kichwani; siku zote aliiita harufu ya upya. Alifika kwenye sinki kwa bahati tu. Alitapika chai, akatapika na maji matupu, na Geofrey, aliyekuwa akikaanga ndizi, akazima jiko akaja kumshika mgongo.

"Mke wangu, hii ni mimba au ni hasira?"

"Ingekuwa mimba ningekwambia kwa furaha."

Akamsimulia yote. Geofrey alisikiliza, akatazama miguu yake mwenyewe, akavua viatu alivyokuwa amevaa na kuvitoa nje kwenye baraza, barafuni. Ndizi hazikuliwa.

Asubuhi yake alikwenda kwa Lynette. Lynette alikuwa mkuu wa kitengo, Mkenya wa Nakuru, aliyekuja Minnesota kusoma na kubaki. Ndiye aliyemwajiri Dafrosa wakati wengine walikuwa wanamwambia kwamba lafudhi yake itawasumbua wateja. Walikula pamoja mchana, walitaniana kuhusu Kiswahili cha nani ni kibovu, walizikana. Mama yake Lynette alipofariki, Dafrosa ndiye aliyesimama jikoni siku tatu akipika chai ya waombolezaji. Kwa hiyo alimweleza kama mtu anavyomweleza dada yake, akaomba mambo mawili tu: gundi ibadilishwe, na wale wasichana wapelekwe hospitali kabla ya saini.

Lynette alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukuonyesha mshangao.

"Dafrosa, ukaguzi uliisha saa ngapi? Uliisha pale ulisema thank you. Chenye uliona baadaye si ukaguzi. Hiyo ni wewe ulikuwa unachungulia watu."

"Dada, hawawezi kutembea."

"Nimeskia. Na hii client ikienda, hii department inafungwa, na hao wasichana watabaki hapo hapo wakitengenezea mtu mwingine viatu. Sasa umesaidia nani?"

Aliahidi kwamba baada ya mkataba watamwandikia Shen barua kali. Baada ya mkataba. Kisha, kwa sauti ya kumtuliza, akaongeza kwamba wiki ijayo Maureen, mnunuzi mkuu wa zile hospitali, angekuja mwenyewe ofisini kuonyeshwa kiwanda kwenye skrini kubwa kabla ya kusaini, na kwamba hapatakuwa na aibu ya mara ya pili. Alishaongea na Shen. Siku hiyo hakuna feni itakayoondoka wala barakoa itakayovuliwa hadi yeye Lynette atume ujumbe kwamba mgeni ameshakwenda.

"Kwa hivyo hiyo mambo yako ya kupiga simu tena, wacha," alisema. "Nakupenda, lakini wacha."

Dafrosa alitoka mle ndani akiwa amebanwa na kinyaa ambacho hakijawahi kumbana hata mbele ya kidonda. Shen alikuwa mbali, Shen alikuwa na bosi wake na bosi wa bosi. Lakini huyu alikuwa anajua. Huyu alikuwa na mkono laini uliompapasa begani, na mkono huohuo ndio ungetuma ujumbe wa kuwatoa wasichana stooni. Wiki nzima Dafrosa hakuweza kula mbele yake. Akisikia tu kifuniko cha bakuli la Lynette kikifunguliwa, alitafuta sababu ya kutoka nje.

Siku ya Maureen ilifika, naye akapangiwa jioni ili China kuwe kumekucha. Ofisi ilipigwa deki, maua yakawekwa, na ukutani pakabandikwa picha kubwa ya wanawake wa kiwandani wakitabasamu, mikunjo ya aproni inaonekana kuanzia mlangoni. Juu ya meza, kwenye bakuli la kioo, Lynette aliweka zabibu. Alizinunua mwenyewe akitoka kwake Maple Grove, maana alisema zinapendeza. Dafrosa alizitazama akasema moyoni kwamba kumbe hata wenye kuficha wameishiwa ubunifu.

Maureen alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi za mvi na koti zito. Zamani alikuwa nesi. Alilisema hilo kabla hajaketi, na alikuwa amevaa viatu vyao. Aliketi kwa heshima na koti lake magotini. Skrini ikawashwa, Bwana Shen akacheka, Lan akatafsiri kwa sauti yake iliyonyooka. Feni, madirisha, barakoa. Na kule pia zabibu. Maureen aliuliza maswali mazuri na kupewa majibu mazuri zaidi. Lynette akamgeukia Dafrosa ili mkaguzi naye aseme neno.

"Hivi ndivyo wanavyotuonyesha," alisema Dafrosa.

Maureen alitikisa kichwa akikubali, Lynette akatabasamu, na neno likapita bila kumgusa mtu. Mgeni akasema amefurahi, mkataba atausaini kesho yake. Skrini ikazimwa. Maureen akavaa koti, akapeana mikono, akaelekea mlangoni, na Dafrosa akauchukua mkoba wake.

"Ngoja nikusindikize," alisema.

Marekani mgeni huagwa mlangoni, na mlango hufungwa. Lakini Lynette alilelewa nyumba ambayo mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni tu, anasindikizwa mpaka barabarani, na barabarani mnasimama tena, mnaanza mazungumzo yaliyowashinda ndani. Meneja mwingine yeyote wa jengo lile angejiuliza mkaguzi anamfuata mteja nje kwa sababu gani. Lynette hakujiuliza. Aliona adabu. Akasimama dirishani, akawapungia mkono.

Nje kulikuwa na baridi ya kuuma na maji ya barafu hadi kwenye vifundo. Dafrosa alitembea mwendo wa kusindikiza, ule ambao hauna haraka. Alimuuliza Maureen habari za wajukuu. Alimuuliza wodi gani aliifanyia kazi, na kwa nini aliacha. Maureen, ambaye pengine ilikuwa miaka hajasindikizwa na mtu, alijibu kwa furaha, akasema aliacha kwa sababu ya mgongo, akasema wodi yake ilikuwa ya wagonjwa wa mishipa ya fahamu, wa kiharusi na wengineo. Walifika kwenye gari. Dafrosa akaanza habari nyingine, ya mvua za Bukoba. Jicho moja lilikuwa dirishani. Alimwona Lynette anainamia simu yake, anaandika kwa kidole gumba, anaiweka mezani. Kisha akamwona akinyoosha mkono kwenye bakuli, akichuma zabibu.

"Umesahau mwavuli wako," Dafrosa akamwambia Maureen.

Maureen alisema hakuja na mwavuli.

"Najua. Ila nakuomba urudi kuuchukua." Na hapo, amesimama majini na viatu vya ofisini, akamsimulia habari za Sista, mablanketi ya kijivu, na matroni mlangoni. Alisimulia kwa ufupi, maana miguu ilikuwa inakufa ganzi.

Maureen hakucheka. Alimtazama sana. "Na huyo Sista alifanya nini alipowaona?"

Hilo Dafrosa hakuwa amemwambia mtu, hata Geofrey. "Alituangalia sisi, akaangalia mablanketi. Akachukua mwavuli wake pale kitandani, akatoka nje, akaufungua, akaenda zake. Hakurudi tena."

Maureen alifunga mlango wa gari aliokuwa ameshaufungua.

Walipoingia, Lynette alikuwa bado na zabibu shavuni. Alisimama. Dafrosa hakumtazama, alikwenda moja kwa moja kwenye skrini, akaiwasha, akapiga. Iliita, ikaita, ndipo ikapokelewa, na sauti ya Lan ikasema neno moja tu kwa Kiingereza chake kilichonyooka.

"Mwavuli?"

"Ndiyo," alisema Dafrosa.

Picha ikashuka usawa wa kiuno, ikaanza kutembea. Gunia la barakoa lilikuwa limeshafungwa. Feni zilikuwa mlangoni. Kwenye chumba cha chakula mtu alikuwa anazirudisha zabibu kwenye katoni, sahani baada ya sahani, hata zile zilizokwisha kung'atwa. Wanawake walikuwa wameinama juu ya makopo. Na mlango wa stoo ulikuwa wazi, wasichana wanatoka wakishikana, na yule wa goti la juu akaja mbele ya kamera, paa, paa, mpaka kwenye skrini kubwa unyayo wake ukawa mkubwa kuliko kichwa cha mtu.

Maureen alisogea karibu na skrini. Alisema kwa sauti ya wodini, sauti isiyoomba, kwamba mkalimani amwambie yule msichana anyanyue vidole vya mguu, kisigino kibaki chini. Lan akatafsiri. Msichana akatazama simu, akatazama mguu wake, na wote mle ofisini wakauona uso wake ukijitahidi. Vidole havikunyanyuka.

Kwa nyuma Bwana Shen alikuwa anakuja akikimbia, mkono mbele. Lan hakuigeuza simu.

Lynette alisogea ubavuni kwa Dafrosa, akamwambia kwa Kiswahili, polepole, bila hata hasira, "Kesho usikuje kazi. Nitakuletea vitu zako kwa nyumba."

Dafrosa alimsikia. Alisikia pia harufu ya zabibu kwenye pumzi yake, akageuza uso. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya Maureen. Mikono ile ilikuwa imeshika zipu ya koti, mahali pale inaposhikwa na mtu anayetaka kuipandisha mpaka shingoni na kwenda zake, na kwa muda haikufanya lolote. Dafrosa alijikuta ni msichana tena, amesimama kando ya kitanda kitupu, anasubiri mtu mzima aamue kama ameona.

Zipu ikashuka. Maureen akavua koti, akalitundika nyuma ya kiti, akakivuta kiti mbele ya skrini na kuketi.

"Mwambie bwana huyo simu isikatwe," alisema. "Halafu wapeni hao mabinti viti, mbali na hayo makopo. Mimi siendi popote."